Mambo Yanayomfanya Dereva Aache Petroli: Mfano wa Norwei na Maswali Yake kwa Kongo

Mwaka 1899, karibu na jiji la Paris, Mbelgiji aitwaye Camille Jenatzy aliendesha gari lililopita mwendo wa kilomita 100 kwa saa, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na gari lolote kabla yake. Gari hilo lilikuwa la umeme. Katika miaka hiyo mtu wa Ulaya au wa Marekani aliyetaka kununua gari alikuwa na aina tatu za kuchagua: la mvuke, la umeme na la petroli. La umeme lilisifiwa kwa utulivu wake, tena halikutoa moshi wala halikuhitaji kuwashwa kwa kuzungusha chuma mbele ya injini, kazi iliyovunja mikono ya watu wengi. Clara, mke wa Henry Ford mwenyewe, aliendesha gari la umeme lililotengenezwa Detroit. Hata hivyo petroli ilishinda. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac iliweka katika magari yake kiwashio kilichobuniwa na Charles Kettering, na kile chuma cha kuzungusha kikawa hakina kazi. Ford naye alishusha bei ya gari lake la Model T mwaka hata mwaka. Zaidi ya hayo, petroli iliweza kubebwa katika kopo mpaka kijijini kusikokuwa na waya hata mmoja.

Kwa hiyo swali la kwa nini dereva hubadili gari lake, au hukataa kulibadili, si swali jipya. Makala haya yanakusudia kulichunguza kwa kutumia mfano wa Norwei, nchi iliyokwenda mbali kuliko nyingine zote katika kuhama kutoka petroli kwenda umeme, na ambayo hatua zake zimeandikwa kwa miaka zaidi ya 30. Mwishoni yanarudi Kongo, nchi inayotoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, ambayo madereva wake bado hawamo katika safari hiyo.

Neno kuhusu istilahi

Kwa "gari la umeme" hapa inakusudiwa gari linaloendeshwa kwa betri peke yake, wala si lile gari mseto lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Kuhusu kitendo chenyewe, "kuchaji" ni mkopo kutoka Kiingereza ulioenea katika Kiswahili pamoja na simu za mkononi. Lakini msomaji wa Katanga, ambaye mikopo yake hutoka zaidi katika Kifaransa, na ambaye husema "mazutu" pale mwenzake wa Dar es Salaam asemapo "dizeli", ataelewa vilevile "kujaza betri". Maneno yote mawili yatatumika bila ubaguzi.

Nadharia na mipaka yake

Watafiti wengi wa jambo hili huanzia kwa Everett Rogers, Mmarekani aliyetoa mwaka 1962 kitabu juu ya namna mambo mapya yanavyoenea katika jamii. Rogers alitaja sifa tano za kitu kipya ambazo huharakisha au huchelewesha kupokewa kwake: faida yake kuliko kile kilichopo, kupatana kwake na maisha ya mtumiaji, urahisi wa kukielewa, uwezekano wa kukijaribu kabla ya kujifunga, na kuonekana kwa matokeo yake machoni pa wengine. Aligawa pia watu kwa mafungu, tangu wale wachache wanaothubutu kwanza, ambao aliwakadiria kuwa asilimia 2.5, hadi wale wanaofuata mwisho kabisa.

Sifa hizo zinafaa sana kwa mbegu mpya ya mahindi. Kwa hakika Rogers mwenyewe alianzia katika utafiti wa wakulima. Lakini gari si mbegu. Mkulima hujaribu mbegu katika pembe moja ya shamba, na ikimkosesha mavuno hupoteza pembe hiyo tu. Anayenunua gari hutoa akiba ya miaka, na kisha hutegemea vitu ambavyo hana mamlaka juu yake: waya wa umeme, kituo cha kujazia njiani, fundi anayejua kulitengeneza, kodi ya serikali, na mnunuzi atakayelipokea atakapotaka kuliuza. Icek Ajzen, katika nadharia yake ya mwaka 1991 kuhusu matendo yaliyokusudiwa, aliliona pengo hilo alipoongeza, kando ya mapenzi ya mtu na shauri la wenzake, jambo la tatu: jinsi mtu anavyojiona ana uwezo wa kulitenda jambo. Kwa gari la umeme, hili la tatu aghalabu ndilo linalokata shauri.

Miaka 20 ya neema bila magari

Habari za Norwei husimuliwa mara nyingi kana kwamba serikali ilitoa msamaha wa kodi na watu wakakimbilia magari mapya. Tarehe zinaonyesha vingine. Mwaka 1989 waimbaji wawili wa kundi la A-ha, Morten Harket na Magne Furuholmen, pamoja na mwanaharakati wa mazingira Frederic Hauge, waliingiza nchini Fiat Panda ndogo iliyogeuzwa kuwa ya umeme. Walilipitisha katika vituo vya ushuru wa barabara wakikataa kulipa, faini zikalimbikizana, gari likakamatwa na kunadiwa, nao wakalinunua tena. Mchezo huo uliendelea mpaka ukawa habari ya magazeti. Mwaka 1990 kodi ya kuingiza gari la umeme ilisamehewa kwa muda, na mwaka 1996 msamaha ukawa wa kudumu. Ushuru wa barabara ukafuata mwaka 1997, kuegesha bure katika viwanja vya manispaa mwaka 1999, na mwaka 2001 kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 25 ya bei. Mwaka 2003 magari ya umeme yaliruhusiwa kupita katika njia ya mabasi mjini Oslo, na mwaka 2005 katika nchi nzima.

Kwa hiyo kufikia mwaka 2005 karibu neema zote zinazosifiwa leo zilikuwa zimekwisha kutolewa. Je, madereva walihama? La. Kwa muda wote huo magari ya umeme yalibaki elfu chache tu. Yaliyopatikana sokoni yalikuwa vigari vya watu wawili, vyenye betri dhaifu na mwendo wa chini, ambavyo baba wa watoto watatu asingeweza kuvitumia hata angepewa bure. Kiwanda cha Kinorwei cha Think, ambacho kwa miaka michache kilimilikiwa na kampuni ya Ford, kilianguka mara kadhaa, na mwaka 2011 kikafilisika.

Mwaka huohuo wa 2011 ndipo Nissan Leaf ilipoanza kuuzwa nchini humo: gari la watu watano, la kampuni yenye mafundi kila mji. Mwaka 2013 ikafuata Tesla Model S, na mnamo Septemba ya mwaka huo gari hilo la bei kubwa likaongoza mauzo ya magari mapya yote ya Norwei. Kutoka hapo mwendo ukawa wa haraka. Mwaka 2020 magari ya umeme yalipita nusu ya magari mapya yaliyouzwa. Mwaka 2022 yalikuwa asilimia 79. Mwaka 2024 asilimia 88.9, na mwaka 2025 karibu 96 katika kila 100.

Fundisho la tarehe hizo ni wazi, ingawa hupuuzwa na serikali nyingi: msamaha wa kodi hauwezi kuuza gari ambalo halimfai mtu. Lakini kinyume chake ni kweli vilevile. Nissan Leaf iliuzwa katika nchi nyingi za Ulaya kwa wakati mmoja, ila ni Norwei iliyokuwa imekwisha kuandaa njia kwa miaka 20. Gari lilipofika, lilikuta mlango umefunguliwa.

Bei, na kodi ya yule mwingine

Katika kila mjadala wa jambo hili hutajwa "bei ya gari la umeme", kana kwamba bei hiyo husimama peke yake. Dereva halinganishi gari na bei yake. Hulinganisha magari mawili. Norwei, tangu zamani, hutoza gari jipya kodi nzito inayopanda kwa kadiri ya uzito wa gari na moshi linalotoa. Serikali haikulifanya gari la umeme kuwa rahisi kwa kutoa fedha taslimu. Iliacha tu kulitoza kile ambacho gari la petroli lilikuwa likitozwa. Ndiyo maana Volkswagen Golf ya umeme, ambayo kiwandani iligharimu zaidi, haikuwa ghali kuliko Golf ya petroli mbele ya mnunuzi wa Oslo. Nchi ambayo haikuwahi kutoza magari kodi kubwa haiwezi kuiga njia hiyo, kwa kuwa haina cha kusamehe. Tena Norwei haikuwa na kiwanda kikubwa cha magari ya petroli ambacho wafanyakazi wake wangeandamana.

Baada ya kununua, huja matumizi. Petroli ya Norwei ni miongoni mwa ghali za Ulaya, licha ya kwamba nchi hiyo huchimba mafuta na kuyauza ng'ambo kwa wingi, kinyume ambacho wakosoaji wake hawakiachi. Umeme wake hutoka karibu wote katika maporomoko ya maji. Kwa mtu aendaye kazini kila siku, tofauti hiyo huonekana mwisho wa mwezi bila ya mahesabu ya kitaalamu.

Jinsi masilahi madogo ya kila siku yanavyoshinda hotuba, kisiwa cha Finnøy ni ushahidi mzuri. Mwaka 2009 kisiwa hicho kiliunganishwa na bara kwa njia ya chini ya bahari, na kila apitaye alitozwa ushuru mkubwa, isipokuwa mwenye gari la umeme. Katika muda mfupi wakulima na mafundi wa kisiwa kile wakawa miongoni mwa watumiaji wakubwa wa magari ya umeme katika Norwei nzima. Katika vitongoji vya magharibi ya Oslo, ambako foleni ya asubuhi ilikuwa adhabu, kilichovuta ni njia ya mabasi. Watu walinunua gari ili kupata nusu saa ya usingizi. Mwishowe magari ya umeme yakawa mengi mno katika njia hiyo hata mabasi yakachelewa, na masharti yakabidi kuongezwa. Ni vigumu baada ya kusoma habari hizi kukubali kwamba mapenzi ya mazingira ndiyo yaliyowasukuma wengi. Yalikuwapo, lakini yalikuja yakifuatana na faida, na mara nyingi nyuma yake.

Mahali pa kulala gari

Hofu ya kuishiwa na umeme njiani hutajwa kwanza na watu ambao hawajawahi kuendesha gari la umeme. Waliolimiliki kwa mwaka mmoja huitaja mara chache zaidi, kwa sababu wamekwisha kugundua kwamba safari zao nyingi ni fupi, na kwamba gari hujazwa usiku likiwa limelala. Hapa ndipo penye siri kubwa ya Norwei, nayo haimo katika sheria yoyote: wengi wa wananchi wake huishi katika nyumba zenye ua, na waya wa umeme uko hatua chache kutoka pale gari linapoegeshwa. Aishiye ghorofa ya nne hana bahati hiyo, na ndiyo sababu sheria iliyoanza kutumika mwaka 2018 iliwapa wenye nyumba za ghorofa haki ya kuweka kifaa cha kujazia, ambayo kamati ya jengo haiwezi kuikataa bila sababu ya haki. Kwa safari ndefu, kuanzia mwaka 2015 serikali iligharimia vituo vya kujaza haraka kila kilomita 50 katika barabara kuu.

Baridi nayo ni kikwazo. Betri hupoteza nguvu, na kipasha joto cha ndani hula umeme uleule wa mwendo. Umbali unaweza kupungua kwa robo. Katika jimbo la kaskazini la Finnmark, ambako miji iko mbalimbali na barafu hukaa muda mrefu, watu walichelewa kuhama kuliko wenzao wa kusini. Walikuwa raia wa nchi ileile, wenye msamaha uleule wa kodi.

Jirani na serikali

Dereva humwamini jirani kuliko tangazo. Gari la umeme likiwa limeegeshwa mlango wa pili, maswali yote yasiyojibiwa dukani hupata jibu uani: linakwenda mbali gani kwa kweli, lilikusumbua wakati wa baridi, ulilipa kiasi gani mwezi uliopita? Sifa ya Rogers ya kuonekana kwa matokeo hutenda kazi hapa kuliko mahali popote. Toka mwaka 1999 magari ya umeme ya Norwei yalipewa vibao vya namba vyenye herufi EL, hivyo kila mtu aliweza kuyahesabu barabarani.

Imani kwa serikali ni jambo jingine, nalo hupimwa vizuri kwa kuangalia Ujerumani. Serikali ya huko ilikuwa ikimpa mnunuzi fedha za msaada, na mnamo Desemba 2023 ikazikatisha kwa ghafula, siku moja tu baada ya kutangaza. Mwaka 2024 mauzo ya magari ya umeme yalishuka kwa asilimia 27, kutoka magari 524,000 hivi hadi 381,000, na hayakupanda tena hadi mwaka 2025. Norwei nayo ilipunguza neema zake, lakini polepole: mwaka 2023 kodi ya ongezeko la thamani ilianza kutozwa kwa sehemu ya bei iliyozidi kroner 500,000, na sehemu ya magari ya umeme katika mauzo haikupungua.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba petroli imekwisha katika nchi hiyo. Magari mapya ni jambo moja, magari yaliyopo barabarani ni jambo jingine. Ilikuwa mwezi wa Septemba 2024 tu ambapo magari ya umeme, zaidi ya 754,000, yalipita kwa mia chache idadi ya magari ya petroli yaliyosajiliwa. Na ya mazutu yalikuwa bado yakikaribia milioni moja.

Kigali, ambako betri si mali ya dereva

Yawezekana kudai kwamba Norwei ni tajiri mno kuwa mfano. Basi itazamwe Kigali, upande wa pili wa ziwa Kivu. Huko waliohama kwanza hawakuwa wenye magari bali waendesha taksi-moto, watu wanaohesabu faida yao kila jioni. Kampuni ya Ampersand ilianza kazi mwaka 2019 kwa utaratibu rahisi: dereva hununua pikipiki, lakini betri hubaki mali ya kampuni. Betri ikiisha, hupita kituoni, hutoa iliyokwisha na kupewa iliyojaa kwa dakika chache, akilipia umeme alioutumia. Kwa njia hiyo mambo mawili yanayomtisha mnunuzi yanaondoka kwa pamoja, yaani bei ya betri na kuzeeka kwake. Mwaka 2021 serikali ya Rwanda ilisamehe kodi za vyombo vya umeme, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya za kubebea abiria zinazosajiliwa Kigali ni za umeme tu. Yafaa kuzingatiwa kwamba agizo lilikuja baada ya miaka mitano ya majaribio, si kabla.

Kongo

Kongo na Norwei zinafanana katika jambo moja ambalo halisemwi mara nyingi: umeme wa nchi zote mbili hutoka karibu wote katika maji. Gari la umeme la Lubumbashi lingekuwa safi sawasawa na la Oslo. Tofauti iko katika safari ya umeme kutoka bwawa hadi nyumba. Waya mkubwa uliotoka Inga hadi Kolwezi, wenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ulikamilika mwaka 1982, nao ulijengwa kwa ajili ya migodi. Ulipita juu ya vijiji ambavyo vingi havina taa hadi leo. Katika nchi nzima ni mtu mmoja hivi kati ya watano anayepata umeme, na anayeupata mjini hajui utakatika saa ngapi. Lile jambo la tatu la Ajzen, kujiona una uwezo, hapa halina pa kusimama: dereva asiyeweza kuamini kwamba betri itajaa usiku hawezi kuamini kwamba atafika kazini asubuhi.

Kobalti yenyewe haimpi dereva wa Kongo nafuu yoyote. Zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka hapa, hasa Kolwezi na viunga vyake, lakini huondoka ikiwa bado haijawa betri, juu ya malori yanayochoma mazutu hadi Durban au Dar es Salaam. Mwezi wa Februari 2025 serikali ilisimamisha kuipeleka nje ili kuinua bei, na kuanzia Oktoba ya mwaka huo ikaweka viwango kwa kila kampuni. Wakati huohuo viwanda vya China vimeendeleza betri za chuma na fosfati zisizotumia kobalti hata gramu moja. Mwaka 2024 zilikuwa karibu nusu ya betri zote za magari ya umeme duniani. Mwezi wa Aprili 2022 kituo cha utafiti wa betri kilizinduliwa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na katika mwezi huohuo Kongo na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kushirikiana katika utengenezaji wa betri.

Lakini yaelekea gari la umeme litafika Kongo kwa njia nyingine kabisa, nayo ni soko la magari yaliyotumika. Kati ya miaka 2015 na 2018 nchi tajiri zilisafirisha nje magari madogo yaliyotumika milioni 14, na asilimia 40 hivi yaliletwa Afrika. Barabara za Lubumbashi zimejaa magari ya Japani yenye usukani wa kulia yaliyopitia njia hiyo. Kadiri Wajapani na Wanorwei wanavyobadili magari, ndivyo yale ya umeme yaliyochoka yatakavyoingia katika msafara huo.

Hapo dereva atakutana na swali ambalo halikumsumbua mnunuzi wa kwanza. Anunuaye gari kuukuu la petroli humwita fundi aisikilize injini, aitazame rangi ya moshi, achunguze mafuta katika kijiti. Betri haitoi sauti wala moshi. Nissan Leaf za mwanzo, ambazo betri zake hazina mfumo wa kuzipoza kwa maji, zilionekana kuchoka upesi katika joto la Arizona mapema mwaka 2012. Dereva wake hutegemea vistari 12 katika dashibodi ambavyo hupungua kimoja kimoja nguvu ya betri inapokwisha. Fundi wa Lubumbashi atakayepewa gari la namna hiyo alitazame atahitaji kifaa cha kusoma hali ya kila seli, na kujua kugusa waya zenye volti 400 bila kujiua. Kifaa hicho si cha bei kubwa. Mafunzo ya kukitumia ndiyo ambayo hayajaanzishwa katika gereji za mtaani, ambako gari hilo litapelekwa siku ya kwanza litakapokataa kuwaka.